Je, Wajua? Kichefuchefu cha mama chumba cha upasuaji huenda ni presha inayoshuka

Mama wa Matonge, mtaa wa Wakongo jijini Brussels, anapojifungua kwa upasuaji, kwa kawaida huchomwa sindano ya ganzi mgongoni na kubaki macho. Ganzi hiyo haizimi maumivu peke yake. Huzima pia neva zinazokaza mishipa ya damu. Mishipa hutanuka, damu hutuama miguuni, na presha huweza kuporomoka ndani ya dakika chache. Mama akisema anataka kutapika, asidhaniwe ana woga tu. Presha ipimwe hapo hapo, kwa kuwa damu inayomfikia mtoto kupitia kondo la nyuma huitegemea.

Mama akilala chali, mfuko wa uzazi nao hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ndiyo maana huinamishwa kidogo upande wa kushoto.

Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali, akiwemo Marc Van de Velde wa Leuven, mwendo mfupi wa treni kutoka Brussels, walishauri kipimo cha juu cha presha kisipungue asilimia 90 ya kile mama alichoanza nacho, na fenilefrini, dawa ya kubana mishipa, itiririshwe mapema bila kungoja presha ianguke. Efedrini, dawa ya zamani zaidi, husaidia pia, ila huvuka kondo na inaweza kuongeza asidi katika damu ya mtoto. Hata hivyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hii hii, na pale ambapo ndiyo pekee iliyopo kabatini, mtaalamu asisite kuitumia.