Ganzi ya miguu baada ya dawa za saratani

Umetibiwa saratani Bujumbura, umerudi kambini, uvimbe umepungua. Lakini usiku nyayo zinawaka moto, na vidole havishiki kifungo cha shati. Jirani atasema umerogwa. Si kweli. Baadhi ya dawa za saratani huumiza mishipa ya fahamu, na dalili huanzia vidoleni kwa sababu mishipa ifikayo huko ndiyo mirefu zaidi.

Mojawapo ni vinkristini, inayotokana na ua la asili ya Madagaska ambalo wengi hulipanda uani kwa urembo tu. Nyingine ni paklitaseli. Zote hutibu saratani ya Kaposi, inayowapata hasa wenye virusi vya UKIMWI. Utafiti uliotolewa mwaka 2020, uliofanyika Kenya na Uganda pia, ulionyesha kwamba paklitaseli huitibu Kaposi vizuri kuliko vinkristini ikichanganywa na bleomisini. Kwa hiyo usiikimbie sindano; mweleze daktari mapema, huenda akapunguza kipimo.

Ganzi yaweza kuzidi wiki kadhaa baada ya dawa kuisha, na kwa wengine hudumu miaka. Isoniazidi ya kifua kikuu nayo huumiza mishipa. Vitamini B6 hupunguza hatari hiyo.

Mguu usiosikia huungua mwenyewe asijue. Usiukande kwa maji ya moto wala kuuotesha kwenye mbabula. Vaa viatu, vikung'ute kwanza, kagua nyayo kila jioni.

Ukija zahanati, njoo na karatasi za hospitali zenye majina ya dawa ulizochomwa.