Dakika ya kwanza ya mtoto na simu ya mkunga

Mtoto anayezaliwa bila kupumua ana takriban dakika moja. Ndani ya dakika hiyo akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipopumua apumulishwe kwa mfuko na barakoa. Wakunga huiita dakika ya dhahabu, na aliyefunzwa hatua hizo huzitaja bila kusita. Kuzitenda saa nane usiku, ukiwa peke yako wodini, ni habari nyingine.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, iliwahi kuliona hilo. Baada ya mafunzo ya siku moja ya hatua hizo, watumishi walifanya vizuri kwa mwanasesere wa mazoezi, lakini huduma kwenye chumba cha kujifungulia haikubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara papo hapo kazini, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua.

Sasa mazoezi ya mara kwa mara atayagharamia nani? Simu tayari imo mfukoni. Watafiti wa Oxford na wenzao wa taasisi ya utafiti ya KEMRI-Wellcome nchini Kenya walitengeneza LIFE, programu ya mafunzo yenye umbo la mchezo. Unaingia katika hospitali ya kuchorwa, mtoto yuko mbele yako, muda unakwenda, nawe uamue hatua inayofuata. Ukikosea unaelekezwa, unarudia. Video ya kutazama tu humfanya mtu ajione ameelewa. Swali linalodai jibu humuumbua mapema, kabla hajamfikia mgonjwa.

Programu nyingine ya simu, Safe Delivery App ya shirika la Maternity Foundation la Denmark, hutumia video za katuni. Ilijaribiwa katika vituo 73 vya afya vijijini Ethiopia kuanzia mwaka 2013. Baada ya miezi 12, wahudumu waliokuwa nayo waliwazidi wenzao kwa ujuzi. Vifo vya watoto tumboni na siku za mwanzo vilikuwa 14 kwa kila uzazi 1,000, dhidi ya 23 kwa wasiokuwa nayo. Tofauti hiyo inavutia, ila kitakwimu ingeweza kuwa bahati tu, jambo ambalo wapigadebe wa teknolojia hulipita haraka.

Tena kioo cha simu hakina uso. Barakoa isipobana pua na mdomo sawasawa, hewa huvuja pembeni na kifua hakiinuki, hata kama mkunga amepata alama zote kwenye mchezo. Mkono hujifunza hilo kwa mwanasesere, na mwanasesere anafaa akiwa wodini, si kabatini chini ya kufuli.