Mwana Mpotevu katika Kiswahili cha Ngarenaro

Ngarenaro ni kata ya mji wa Arusha, na jina lake latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji meusi. Katika vijiwe vya mitaa kama hiyo, mfano wa Mwana Mpotevu, ulio katika Injili ya Luka, sura ya 15, aya ya 11 hata 32, husimuliwa upya kwa lugha ya vijana ili kuchekesha. Baba huwa mshua au dingi, mali huwa mkwanja, na kijana aendaye nchi ya mbali huwa amekwenda kula bata. Masimulizi haya hayana nakala moja iliyo sahihi. Kila msimulizi huongeza na kupunguza. Wako wanaoyahukumu kuwa ni kuyadharau Maandiko. Hukumu hiyo yafaa ipimwe kwa maneno yenyewe, wala si kwa heshima ya lugha peke yake.

Kwanza, kuuhamisha mfano uingie katika maisha ya wasikilizaji si jambo geni. Tafsiri iitwayo Union Version, ambayo Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1952, ilikusudiwa kuunganisha Wakristo waliozoea tafsiri za Unguja na za Mombasa. Katika sura hiyo hiyo ya 15, aya ya 8, drakma za Kiyunani zimekuwa shilingi, fedha iliyoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 1921. Basi wafasiri nao walihamisha; tofauti ni kwamba wao hawakukusudia kicheko.

Pili, liko neno moja ambalo kijiwe chalikaribia kuliko kanisa. Katika aya ya 13, Luka asema kwamba kijana aliishi *asotos*, yaani kwa ubadhirifu, bila kuhifadhi kitu. Neno hilo halitaji dhambi gani. Union Version imetia uasherati. Lakini katika Kiyunani wa kwanza kutaja makahaba ni kaka mkubwa, katika aya ya 30, naye anena kwa hasira, juu ya mambo ambayo hadithi haituelezi kwamba aliyaona. Kwa tafsiri hiyo, shitaka la kaka limekuwa ushuhuda wa msimulizi, na msomaji amekwisha kumhukumu kijana kabla ya wakati. Kula bata, kwa kuwa maana yake ni kuponda raha tu, huliacha jambo wazi kama Luka alivyoliacha. Tena kitenzi *kula* chapatana na usemi wa kaka, kwani katika Kiyunani pia asema kwamba nduguye ameila mali ya baba.

Tatu, yako yanayopotea. Luka ana maneno mawili ya mali: *ousia*, ambayo mwana aliiomba, na *bios*, ambayo baba aliigawa. *Bios* ni riziki, tena ni uhai. Mwana ataka mali. Baba atoa maisha yake. Mkwanja hauwezi kubeba maana hiyo, kwa kuwa ni fedha za kutumia na kuisha. Katika miteremko ya Mlima Meru, ambako kihamba ni urithi na makao pia, neno la shamba lingelieleza jambo hili vizuri zaidi.

Hasara iliyo kubwa zaidi ni ya kaka mkubwa. Yeye akataa kusema “ndugu yangu”. Amwita mwana wa baba yake. Baba amjibu kwa kumrudishia neno hilo hilo alilolikataa, la ndugu. Msimulizi akimwita kila mtu “braza” tangu mwanzo, ukinzani huo wafutika. Na akimaliza hadithi kwenye karamu ya ndama, kwa kuwa hapo ndipo kicheko kinapokoma, hufuta sehemu iliyowalenga Mafarisayo na waandishi, ambao manung'uniko yao ndiyo yaliyoileta mifano yote mitatu ya sura hii.

Kwa hiyo kipimo cha masimulizi ya kuchekesha si ukali wa lugha yake. Ni kama kaka mkubwa yumo bado, amesimama nje, na kama msikilizaji, akiisha kumcheka mdogo, aachwa bila kuambiwa kwamba mkubwa aliingia.