Ukarimu kwa Ndege wa Bustanini

Wasikilizaji, katika nchi ya Uingereza, ambako wakati wa baridi ardhi huganda na mchana huwa mfupi, watu wengi wana desturi njema ya kuwalisha ndege wa mwitu. Husimika nguzo bustanini na juu yake kibao cha chakula, au hutundika chombo cha waya kilichotiwa njugu na mbegu za alizeti. Kisha hukaa dirishani wakiwatazama wageni wao. Desturi hii imewaponya ndege wengi na njaa. Lakini leo nataka kuwaeleza jinsi wema huo ulivyoingiliwa na mauti, na jinsi iwezekanavyo kuyaepusha.

Yuko ndege mmoja, chiriku wa kijani, mwenye mdomo mnene wa kupasulia mbegu. Mwaka 2005 chiriku hawa walianza kuonekana bustanini wametutumua manyoya, wamezubaa, hawawezi kumeza. Mwaka uliofuata vifo vilienea. Ikajulikana kwamba ugonjwa ni ule ule uwapatao njiwa tangu zamani, uletwao na kijidudu kisichoonekana kwa macho, jina lake Trichomonas gallinae, ambacho hukaa kooni na kulivimbisha hata chakula kisipite. Wataalamu walikadiria kwamba chiriku hao, waliokuwa kama milioni 4.3, walibaki kama milioni 2.8 ilipofika mwaka 2009. Na mwaka 2021 wakaandikwa katika orodha nyekundu ya ndege wa kuhofiwa zaidi.

Je, ugonjwa huu huambukizwaje? Ndege mgonjwa huokota mbegu, hujaribu kuimeza, ikamshinda, akaitema imelowa mate. Ndege mzima huja nyuma yake akaiokota. Mwituni ndege hula wametawanyika. Bali kibaoni hukusanyika wengi mahali pamoja, siku baada ya siku, mfano wa watu wa mji mzima wanywao kwa kata moja. Wala hapana njia ya kuwatibu, maana nani awezaye kumpimia ndege wa mwitu dawa yake?

Basi mwenye kuwalisha hana budi kuyashika haya. Kwanza, atoe chakula kidogo, cha kuliwa siku moja au mbili, na masazo yaondolewe yasiote kuvu. Njugu zisiwe na chumvi. Pili, vyombo vioshwe kila juma kwa brashi, sabuni na maji ya moto, visuuzwe, vikauke kabisa. Kwa kuwa kijidudu hiki hakidumu mahali pakavu. Kazi hiyo ifanyike nje ya nyumba, na mikono ioshwe baadaye, maana yako maradhi mengine ya ndege, kama salmonela, yawezayo kumdhuru mtu. Maji ya kunywa na kuogea yabadilishwe kila siku. Tatu, vyombo vihamishwe mara kwa mara, mavi yasirundikane chini yake. Tena visiwe karibu na kichaka awezapo paka kuotea, wala mbele ya kioo kikubwa ambacho ndege hukidhani kuwa ni anga. Nne, akionekana ndege mgonjwa, kulisha kukome mara moja, muda wa majuma mawili au zaidi, na maji yamwagwe.

Labda mtu atauliza, "Nikiacha kuwalisha, si watakufa njaa?" La. Watakwenda kujitafutia kwingine, na katika kutawanyika huko wazima watatengana na wagonjwa.

Wahenga walisema, "Tenda wema nenda zako." Hayo ni mausia mema baina ya wanadamu. Lakini amwagiaye ndege mbegu kisha akaenda zake, wema wake haujatimia. Hana budi kurudi, na brashi mkononi.