Madoa Meupe Katika Picha ya Ubongo

Maradhi ya maltipo sklerosisi, ambayo tabibu Jean-Martin Charcot aliyabainisha mjini Paris mwaka 1868, hutokea pale askari wa mwili, badala ya kupambana na adui wa nje, wanapogeuka na kuutafuna utando wa mafuta uzingirao mishipa ya fahamu, mithili ya panya atafunaye ganda la waya wa stima. Na katika picha ya MRI jeraha hilo huonekana kama doa jeupe, pengine dogo kama punje ya mchele. Kwa miaka dahari waganga walidhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu, dhana ambayo, kwa rai yangu, ilitokana na kutotazama: hesabu iliyotolewa mwaka 2013 kutoka kusini mwa California ilidhihirisha kwamba wanawake weusi huyapata zaidi kuliko weupe, na mwaka 2018 watafiti wa Baltimore wakaeleza kuwa ubongo wa wagonjwa weusi ulisinyaa kwa kasi zaidi. Sababu hawaitafuti katika nasaba peke yake. Dhiki ya maisha na kuchelewa kupata dawa navyo hutajwa. Basi mwenye ganzi isiyoondoka, au jicho lililofifia ghafula, asingoje: na amwendee tabibu.