Kitabu Kinapolalamikiwa Shuleni: Tuhukumu kwa Haki



Mnamo Februari 2023, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuzuia vitabu 16 visitumike katika shule zetu nchini. Vingi vilikuwa vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa mwandishi Mmarekani Jeff Kinney. Vilikuwemo pia vya elimu ya jinsia. Sababu iliyotolewa ni kwamba maudhui yake yanakwenda kinyume cha mila, desturi na maadili ya Mtanzania.

Kuhusu vitabu hivyo Serikali imekwisha kuamua, na shule za Kanisa zinapaswa kutii. Hata hivyo, orodha ya vitabu 16 haimalizi jambo. Maktaba za shule hupokea vitabu kutoka kwa wafadhili, na watoto wetu wa Kariakoo, Gerezani na Upanga hununua vingine vilivyotumika, vilivyopangwa kando ya barabara. Basi mzazi akikuta katika mkoba wa mwanawe kitabu cha maktaba kinachomtia wasiwasi, afanye nini? Na shule impokeeje?

Mama Kanisa anafundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilitamka hilo mwaka 1965 katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo. Nayo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 796, inawataka wazazi washirikiane kwa karibu na walimu, na walimu wawasikilize wazazi kwa hiari. Kwa hiyo mzazi anayelalamikia kitabu asihesabiwe kuwa msumbufu, kwani anatimiza wajibu wake. Lakini wajibu huo unaambatana na haki: kitabu kisihukumiwe kwa ukurasa mmoja uliopigwa picha na kusambazwa katika kundi la WhatsApp la wazazi.

Tunalo funzo la nyumbani. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma Seminari ya Nyegezi, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Jina hilo waamini wanalitambua: ni sifa ya Mama Maria katika Litania, Waridi lenye fumbo. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mambo ya kimwili yaliyomo. Baada ya miaka, kitabu kilekile kikawa cha kiada katika shule za sekondari.

Aliyekisoma chote anajua kinasimulia nini. Rosa analelewa na baba mlevi anayemlinda kwa kipigo, bila kumfundisha chochote. Anapofika shuleni, mbali na macho ya baba, anakosa silaha ya kujilinda, na mwisho wake ni msiba. Yaliyowatisha wasomaji yamo humo kweli. Lakini yamewekwa ili kumwonya mzazi anayedhani kukataza peke yake ni kulea. Aliyesoma kurasa chache aliona uchafu. Aliyefika mwisho alisikia onyo. Hata hivyo, si kila kinachomfaa kijana wa kidato cha tano kinamfaa mtoto wa darasa la tano.

Maandiko Matakatifu yenyewe hayafichi dhambi. Kitabu cha Pili cha Samweli kinaeleza uzinzi wa Daudi na mauaji yaliyofuata. Kisha Nabii Nathani anamwongoa mfalme kwa kumsimulia hadithi ya tajiri na kondoo wa maskini. Tuulize basi: je, kitabu hiki kinausifu uovu, au kinauonyesha ili tuukimbie?

Kwa shule zetu tunapendekeza utaratibu mwepesi. Mzazi aandike lalamiko lake, akitaja kitabu na kurasa, na aseme kama amekisoma chote. Mkuu wa shule ahakikishe kwanza kwamba kitabu hakimo miongoni mwa vilivyozuiwa na Serikali. Kisha watu wachache, yaani mwalimu wa maktaba, mwalimu wa somo, mwakilishi wa wazazi na mlezi wa kiroho, wakisome tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaweza kuamua kibaki, kihamishiwe madarasa ya juu, kisomwe pamoja na mwalimu, au kiondolewe. Uamuzi wowote umfikie mzazi kwa maandishi, pamoja na sababu zake. Mzazi ana haki kamili ya kuomba mwanawe asikisome; lakini ombi lake peke yake lisiwafungie watoto wa wengine, wakiwamo wa familia za Kiislamu ambazo pia zimetukabidhi watoto wao.

Kanisa lenyewe limepita njia hii. Orodha yake ya Vitabu Vilivyokatazwa, iliyoanza mwaka 1559, ilikoma kuwa sheria mwaka 1966. Wajibu wa kujihadhari na kisomwacho haukufutwa. Uliwekwa juu ya dhamiri iliyolelewa vema. Na dhamiri hailelewi kwa kupekua mkoba tu. Mtoto aliyenyang'anywa kitabu bila neno atakitafuta kwenye simu, tena bila mwalimu wala mzazi. Aliyeketishwa na kuulizwa, "Umeelewa nini hapa? Unaonaje alilofanya huyu?" ameanza kujifunza kupima.

Mtume Paulo aliwahimiza Wathesalonike wayapime yote na kulishika lililo jema. Tuwape watoto wetu mizani hiyo. Juma hili, kila mzazi amwombe mwanawe amwonyeshe kitabu anachokisoma, naye akisome walau sura moja pamoja naye.

Mama Maria, Kikao cha Hekima, atuombee.