Mgeni Mwenye Jembe Lake

Wahenga wetu walituachia usia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Usia huo ulimfaa mgeni aliyefika mikono mitupu. Lakini katika miaka hii amezuka mgeni wa namna nyingine, ambaye hufika na jembe lake mwenyewe, yaani kompyuta mpakato na simu. Halimi shamba la mwenyeji wake, bali hulima shamba lililo ng'ambo ya bahari, na ujira wake hutoka huko huko. Anachokiomba kwa mwenyeji ni kitanda, meza, umeme usiokatika na intaneti yenye kasi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za mgeni huyo, na kupima kwa haki faida anayoileta na mzigo anaouleta. Mfano wetu ni kisiwa cha Bali katika nchi ya Indonesia, ambako mgeni huyo amekaa kwa wingi, tena kwa muda wa kutosha kutufundisha jambo.

ASILI YAKE

Kufanya kazi mbali na ofisi si wazo la jana. Mnamo mwaka 1973 Jack Nilles wa Marekani alipendekeza kwamba kazi imfuate mfanyakazi kwa njia ya simu, badala ya mfanyakazi kusafiri kila siku kuifuata kazi. Mwaka 1997 Tsugio Makimoto na David Manners walichapisha kitabu kilichobashiri kuzuka kwa watu watakaohamahama kama wafugaji, ilhali ofisi zao wamezibeba. Mwaka 2005 Brad Neuberg alifungua mjini San Francisco mahali ambapo watu wasio na mwajiri mmoja waliweza kuketi na kufanya kazi pamoja. Kutokana na mbegu hiyo zimeota ofisi za pamoja tunazozisikia leo.

Ofisi ya pamoja ni jengo lenye meza, viti, intaneti, jenereta ya akiba, na vibanda vinavyozuia sauti kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Mtu hulipia kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Makazi ya pamoja ni hatua ya pili. Kila mpangaji ana chumba chake cha kulala, lakini jiko, sebule na ukumbi wa kazi ni mali ya wote, na malipo ya mwezi huwa yamekwisha kujumlisha maji, umeme na usafi. Sisi tuliolelewa katika nidhamu ya kambi tunaufahamu utaratibu huo, maana watu wasiojuana wakila chungu kimoja huwa ndugu upesi. Tofauti ni kwamba pale hakuna baragumu la kuamsha watu, na kila mmoja ana mkuu wake, naye yuko bara la mbali.

BALI YAFUNGUA MILANGO

Bali ni kisiwa cha watu zaidi ya milioni 4, chenye milima ya volkano, mahekalu ya Kihindu na matuta ya mpunga. Mwaka 2013 ilifunguliwa katika mji wa Ubud ofisi ya pamoja iliyoitwa Hubud, iliyojengwa kwa mianzi. Baada yake zikafuata nyingine nyingi, hasa katika Canggu, pwani ya kusini, mahali palipojulikana hapo awali kwa mashamba ya mpunga na mawimbi ya bahari. Wageni walivutwa na jua, na gharama za maisha zilizo nafuu kuliko za miji yao, na zaidi ya yote, kuwapata wenzao wa kazi ya namna moja.

Saa za kazi zao ni za ajabu kidogo. Ofisi ya New York inapofunguliwa saa 3 asubuhi, Bali huwa ni saa 3 au saa 4 usiku, kufuatana na majira ya mwaka. Kwa hiyo anayemtumikia mwajiri wa Marekani hukesha wenyeji wakilala. Lakini ipo siku moja katika mwaka ambayo mgeni hukumbushwa kwamba yuko kwa watu. Hiyo ni Nyepi, mwaka mpya wa Kihindu wa Bali. Kwa muda wa saa 24 kisiwa kizima hunyamaza, uwanja wa ndege hufungwa, barabara huwa tupu, na tangu mwaka 2018 hata intaneti ya simu huzimwa.

Faida za mgeni huyo hazikanushiki. Mtalii wa kawaida hukaa siku chache, lakini huyu hukaa miezi. Hulipa kodi ya pango, hula kwa mama lishe, hukodi pikipiki na humpa dobi nguo zake. Aidha, kwa kuwa mwajiri wake yuko nje, hamnyang'anyi kijana wa kisiwani ajira.

SHERIA NA ARDHI

Hata hivyo, mgeni alitangulia na sheria ikafuata nyuma. Kwa miaka mingi wengi wao waliingia kwa viza za matembezi, ilhali walikuwa wakifanya kazi. Ni mwaka 2024 tu ambapo Indonesia ilianza kutoa viza maalumu ya mwaka mmoja kwa wafanyakazi wa namna hii, kwa sharti kwamba mwombaji awe na pato lisilopungua dola 60,000 za Marekani kwa mwaka, litokalo nje ya nchi. Mwezi Februari mwaka huo huo Bali ikaanza kuwatoza wageni kutoka nchi za nje ushuru wa rupia 150,000 kila mmoja.

Jambo zito zaidi ni ardhi. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 hairuhusu mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja, lakini kukodi kwa miaka 25 au zaidi kunawezekana. Mkulima anayelinganisha mavuno ya msimu mmoja na kodi ya miaka 25 iliyolipwa kwa mkupuo hashindwi kujua upande wenye fedha nyingi. Hatuwezi kumlaumu. Lakini shamba la mpunga la Bali haliko peke yake. Maji hugawanywa na ushirika wa wakulima uitwao subak, wenye asili ya karne ya 9, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2012. Wakulima hupanga kwa pamoja zamu za kumwagilia na za kupumzisha mashamba, na mapumziko hayo huwanyima wadudu chakula. Shamba moja likigeuzwa nyumba ya wageni na mfereji ukazibwa, anayeumia ni jirani wa chini.

AKIBA YA MWISHO

Mwaka 2019 Bali ilipokea watalii wa nje zaidi ya milioni 6. Likaja janga la UVIKO-19. Katika mwaka mzima wa 2021 watalii wa nje walioingia kwa ndege moja kwa moja hawakufika 100. Tayari mwaka 2020 uchumi wa kisiwa ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 9. Hoteli zilipofungwa, wafanyakazi wengi walirudi vijijini kushika jembe. Katika kisiwa kidogo cha Nusa Lembongan, watu waliokuwa wameacha kilimo cha mwani kwa ajili ya utalii waliurudia mwani wao.

Hapo ndipo penye fundisho. Hakuna jemadari anayepeleka kikosi chake chote mstari wa mbele bila kubakiza akiba. Kwa Bali, akiba ilikuwa shamba na bahari. Waliokuwa nazo bado walipata pa kukimbilia, na waliokwisha kuikodisha ardhi yao hawakuwa na shamba la kurudia.

Habari hizi zinatuhusu. Morisi ilianza kutoa viza ya wageni wa namna hii mwaka 2020, na Oktoba 2024 Kenya ilitangaza kibali chake. Pwani yetu ya Afrika Mashariki iko mbele ya London kwa saa 2 au 3 tu, hivyo anayefanya kazi na Ulaya hahitaji kukesha. Hapana shaka wageni watazidi kuja, nasi tuwakaribishe.

Lakini sheria isingoje mgeni azoee. Viwanja vya makazi hayo vipimwe mbali na mashamba mazuri na vyanzo vya maji, na ushuru wake ushughulikie maji na taka za mahali hapo hapo. Hali kadhalika meza za ofisi hizo zisiwe za wageni peke yao. Waya unaomletea mgeni kazi kutoka ng'ambo waweza kumletea kijana wetu kazi hiyo hiyo, naye akalima shamba la mbali bila kuliuza la baba yake.